Kambi, Boma na Nyumba: Uhakiki wa Sarufi ya Ulinzi katika Ramani za Michezo ya Mikakati, kwa Kurejelea Wilaya za Ngara na Biharamulo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki utanzu wa ramani za kulinda kambi, ambazo hutungwa na wachezaji wenyewe ndani ya michezo ya kompyuta ya mikakati ya wakati halisi. Hoja yake kuu ni kwamba ramani ya aina hiyo ni matini, na kanuni zake ni sarufi inayomtambulisha kila ajaye kuwa adui. Sarufi hiyo inapimwa kwa mandhari na historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, hususan tukio la Daraja la Rusumo la mwaka 1994, na kwa maneno manne ya Kiswahili: kambi, wimbi, boma na nyumba. Inabainika kuwa maneno mawili ya kwanza yanampokea mtunzi kwa urahisi na kumpotosha kwa urahisi uleule, ilhali mawili ya mwisho, hasa nyumba katika mchezo wa bao, yanabeba dhana ya ulinzi iliyo pana kuliko ya kuua anayekaribia.

Utangulizi

Michezo ya mikakati ya wakati halisi ilipata umbo lake linalofahamika leo baada ya kutolewa kwa Dune II mwaka 1992. Ndani yake mchezaji hujenga makazi, hukusanya mali, huunda jeshi na kupigana bila kungoja zamu. StarCraft (1998) na Warcraft III (2002) ziliongeza jambo lenye uzito wa kifasihi: zilimkabidhi mchezaji programu ya kuhariri ramani. Msomaji akawa mtunzi. Kutokana na ramani hizo za wachezaji kulistawi utanzu wa kulinda kambi, ambao mizizi yake ya mbali inaonekana katika mchezo wa Rampart wa mwaka 1990. Maadui huja kwa makundi kufuata njia iliyochorwa, na mlinzi hujenga minara na kuta ili wasifike katikati.

Utanzu huu umejadiliwa zaidi kama ufundi kuliko kama utungo. Huulizwa iwapo njia ni pana mno, iwapo kundi la kumi ni gumu kupita kiasi, iwapo mali inatosha. Haya ni maswali halali, lakini hayafikii kiini cha maana. Ian Bogost, katika kitabu chake Persuasive Games (2007), anaonesha kwamba mchezo hushawishi kwa kanuni zake kabla ya kushawishi kwa picha na maneno yake. Hivyo, swali la mhakiki ni hili: ramani ya kulinda kambi inashawishi nini kuhusu mtu anayekuja kutoka upande wa pili?

Swali hilo halina uzito sawa kila mahali. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi; Biharamulo iko upande wake wa mashariki, katika nchi ya misitu na barabara ndefu. Kwa mtunzi wa ramani, eneo hili linaonekana kama lililoumbwa kwa kazi yake: vilima, mito, daraja, msitu na ngome ya kale. Ni kwa sababu hiyo linafaa kuwa kipimo cha utanzu wenyewe.

Ramani kama matini

Neno ramani katika Kiswahili lina maana mbili ambazo wazungumzaji hawazitenganishi. Ramani ni mchoro wa nchi. Ramani ni mchoro wa nyumba itakayojengwa. Fundi mwashi huomba ramani kabla ya kuchimba msingi. Mtunzi wa ramani za mchezo anafanya yote mawili kwa wakati mmoja: anaeleza nchi iliyopo na kuamuru itakavyokaliwa.

Kazi yake ina tabaka mbili. Tabaka la kwanza ni la ardhi: kuinua kilima, kupitisha mto, kupanda miti, kuacha njia. Tabaka la pili ni la kanuni, ambazo katika programu ya Warcraft III huandikwa kwa viungo vitatu: tukio, sharti na tendo. Kikosi kinapoingia eneo fulani, ikiwa lango limefungwa, basi jambo fulani litendeke. Huu ni muundo wa sentensi shurutia, na mtu aliyezoea viambishi vya -ki- na -nge- hahitaji kuelezwa nguvu yake. Anayeandika sharti ndiye anayeamua ni mambo gani yanawezekana duniani humo.

Mulokozi (1989), katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, anasisitiza kuwa fasihi simulizi ni tukio linalotegemea mwingiliano wa fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Ramani ya mchezo iko karibu na fasihi simulizi kwa kigezo hicho kuliko ilivyo karibu na riwaya. Haikamiliki ikiwa imehifadhiwa tu. Hukamilika inapochezwa, na kila uchezaji ni utendaji mpya. Lakini kuna tofauti moja inayouma. Hadhira ya ngano inaweza kumkatiza fanani, kuitikia, kucheka pasipostahili kuchekwa na kumlazimisha abadili mwendo. Katika ramani ya kulinda kambi, mchezaji ana uhuru huo, wanaokuja hawana. Wamepewa njia, mwendo kasi na idadi ya mapigo watakayostahimili. Hawakupewa sababu ya kuja. Utanzu mzima umesimama juu ya ukimya huo.

Kambi na wimbi

Mtunzi anayetumia Kiswahili hulazimika kuyapa majina makao anayolindiwa mchezaji. Ngome inawezekana, kituo kinawezekana, lakini neno linalokuja mdomoni kwanza ni kambi. Kambi ni ya jeshi. Kambi pia ni ya wakimbizi, ya wavuvi, ya wajenzi wa barabara, na hata ya upinzani bungeni. Kinachoziunganisha maana hizo ni ukaaji usio wa kudumu. Hakuna anayezaliwa kambini kwa kupenda, wala anayetarajia kuzikwa huko. Mtu aliyekulia Ngara miaka ya tisini akisikia kambi hafikirii kwanza askari. Anafikiria Benaco au Lukole, na safu za mahema ya plastiki. Agizo la “linda kambi” linaweza basi kusomwa kwa namna mbili zinazopingana: linda askari dhidi ya wanaokuja, au linda waliokuja dhidi ya kinachowafuata. Utanzu unaijua maana ya kwanza tu.

Neno la pili ni wimbi. Makundi ya maadui katika ramani hizi huhesabiwa kwa mawimbi: wimbi la kwanza, la pili, la ishirini. Katika lugha ya magazeti na redio, neno hilohilo hutumika kwa wimbi la wakimbizi, wimbi la wahamiaji na wimbi la ujambazi. Sitiari ya bahari inafanya kazi moja katika matumizi yote hayo: inaondoa uso. Wimbi halina jina, halina umri, halina alichobeba kichwani. Linapofika halijibiwi kwa maneno bali kwa ukuta. Katika gazeti, hiyo ni sitiari, na msomaji makini anaweza kuipinga. Katika ramani sitiari imegeuzwa kuwa kanuni: kundi la viumbe wanaofanana kabisa hutolewa ukingoni kila baada ya muda uliopangwa, na mchezaji hana kitendo chochote cha kuwapa isipokuwa kifo. Hapa lugha imeacha kufananisha, imeanza kutekeleza.

Rusumo

Mkutano wa Mto Ruvubu na Mto Kagera uko karibu na maporomoko ya Rusumo, na hapo ndipo daraja linapounganisha Rwanda na Ngara. Kwa jicho la mtunzi, mahali hapa pana kila sifa ya mlango mwembamba. Maji hayavukiki, kuna kivuko kimoja, vilima vinatazama barabara. Minara miwili juu ya vilima ingetosha kwa mawimbi ya mwanzo. Mtunzi stadi angeongeza umbali wa kutosha kati ya daraja na kambi ili mlinzi apate nafasi ya pili endapo mlango wa kwanza utavunjwa.

Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka hapo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, wakitoka katika nchi iliyokuwa katikati ya mauaji ya kimbari. Chini ya daraja, mto ulikuwa ukipeleka maiti kuelekea Ziwa Viktoria. Tukio hilo likiingizwa katika sarufi ya utanzu, idadi hiyo inageuka kuwa alama za mchezaji. Si lazima mtunzi awe na nia mbaya ili jambo hilo litokee. Inatosha afuate kanuni alizozikuta.

Kilichotendeka langoni kilikuwa kingine. Waliovuka walinyang'anywa silaha. Mapanga yakarundikana upande wa Tanzania. Kisha watu wakapita. Kwa lugha ya programu, hilo ni tendo ambalo ramani za utanzu huu kwa kawaida hazina: kutenganisha mtu na silaha yake. Na baada ya lango, mapambano yaliyofuata yalikuwa ya maji na kuni. Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa zaidi duniani kwa wakati wake, na miti ya vilima vya jirani ikaisha kwa kupikia. Wenyeji wa Ngara walipata hasara ya kweli, ambayo haikuletwa na shambulio lolote. Ramani ya kweli ya mahali hapo ingehesabu ndoo na mizigo ya kuni kabla ya kuhesabu mishale.

Ukweli huo hauna utamu wa ngano ya ukarimu, kwa sababu miongoni mwa waliovuka walikuwamo wauaji. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Rusumo upande wa Rwanda, alikamatwa Tanzania mwaka 2001, na mwaka 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokuwa Arusha ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Miaka kumi ilipita kati ya daraja na hukumu. Jina la utanzu huu, wakati halisi, linapata kejeli yake hapo. Mchezo unamtaka mlinzi aamue kwa nukta chache nani ni adui; wakati halisi wa kulijua jambo hilo ulikuwa muongo mzima, mashahidi, na mahakama.

Mwelekeo nao uligeuka. Desemba 1996 serikali ya Tanzania iliwataka wakimbizi wa Rwanda warejee kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakarudishwa na askari kuelekea daraja lilelile. Ramani ya kulinda kambi haina mshale wa namna hiyo. Inajua kuingia tu. Haijui kambi inayotoa watu wake yenyewe kwa nguvu. Utanzu unaodai kusimulia ulinzi unakosa hata nyenzo za kusimulia kile ambacho walinzi hufanya.

Boma

Biharamulo inampa mtunzi alama nyingine: boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Katika mantiki ya mchezo, jengo hilo ni kitovu cha ramani kilicho tayari. Hata hivyo, boma kama neno halikubali kubaki ngome. Kwa asili ni uzio wa kujikinga, wa miti, miiba au mawe. Ni makazi ya ukoo na zizi la ng'ombe. Wakati wa ukoloni likawa ngome ya mtawala, kisha ofisi yake, na hadi leo katika miji mingi ya Tanzania mtu aendaye bomani anakwenda kwa mkuu wa wilaya, si vitani.

Ukoloni uligeuza mwelekeo wa ulinzi. Uzio wa ukoo ulimkinga mwenyeji dhidi ya mgeni. Boma la Mjerumani lilimkinga mgeni dhidi ya mwenyeji. Mtunzi anayemweka mchezaji ndani ya boma la Biharamulo na kuwatuma wanavijiji kulishambulia kwa mawimbi ametunga upya hadithi ya mkoloni. Mtunzi anayemweka nje ameandika jambo tofauti kabisa kwa ardhi ileile na kuta zilezile. Uamuzi wa mahali pa kumweka mchezaji, ambao hufanywa kwa kubofya mara moja, ndio mtazamo wa kiusimulizi wa utungo huo, na unastahili kuhakikiwa kama mhakiki anavyohakiki nafsi ya msimulizi katika riwaya.

Kuna maana nyingine ya boma, ya siku hizi zaidi, ambayo kila mwanakijiji wa Tanzania anaijua. Boma ni jengo ambalo kuta zimesimama lakini halijaezekwa. Husemwa kwamba wananchi wamejenga boma la darasa au la zahanati kwa nguvu zao, na sasa wanangoja mabati. Maana hii inalitoa neno katika hofu na kulitia katika matarajio. Boma la namna hiyo halilindwi kwa minara. Adui wake ni mvua, na ulinzi wake ni paa. Mtunzi akianza na boma hilo, kuanzia mpangilio wa mali hadi sharti la ushindi, hawezi tena kuandika ramani ileile.

Nyumba

Sarufi nyingine ya ulinzi haihitaji kubuniwa upya, kwani ipo katika mchezo wa mkakati wenye Kiswahili chake kilichokomaa. Ubao wa bao una safu nne za mashimo manane, na kete 64. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na nyingine 22 mkononi. Nyumba mara nyingi huchongwa kwa umbo la mraba ili itofautiane na mashimo mengine. Sehemu kubwa ya hatua ya namua huzunguka swali la kuilinda au kuivunja. Alexander de Voogt, katika utafiti wake wa mwaka 1995 kuhusu umahiri wa bao, ameonesha uzito wa akili unaohitajika kuumudu mchezo huu. Makala haya yanajali zaidi maadili yaliyofichwa katika kanuni zake.

Kanuni ya kwanza: kete haifi. Mchezaji anapokula, kete za mpinzani hazitolewi ubaoni. Zinahamia upande wa aliyekula, zinasambazwa katika mashimo yake na kuanza kazi mara moja. Idadi inabaki 64 tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyekuja kutoka upande wa pili anakuwa sehemu ya nguvu za upande huu, na kesho anaweza kurudi.

Kanuni ya pili: nyumba iliyojaa si ya kukaliwa milele. Mwenye nyumba hufikia wakati wa kuchagua kuiacha au kuisafirisha, yaani kuzitoa kete zake na kuzisambaza shimo kwa shimo. Mlinzi asiyejua kufungua nyumba yake kwa wakati huikuta imeliwa.

Kanuni ya tatu ndiyo nzito zaidi: aliyeishiwa kete katika safu ya mbele ameshindwa, hata akiwa na kete tele katika safu ya nyuma. Safu ya nyuma ni salama, kwa kuwa katika bao la Kiswahili kete huliwa mbele tu. Lakini usalama huo si ushindi. Anayerudisha kila kitu nyuma amejihukumu. Utanzu wa kulinda kambi unafundisha kinyume chake: kwamba mpaka unaweza kupotea maadamu kitovu kimebaki. Bao linasema mpaka ndio uhai, na kwamba mpaka ni mahali pa kukutana na kubadilishana kabla haujawa mahali pa kuzuia.

Pingamizi

Msomaji anaweza kupinga kwamba mhakiki anaubebesha mchezo mzigo usio wake. Kuna hatari za kweli, na watu wa eneo hili wanazijua kuliko mtu yeyote. Kwa miaka mingi mabasi yaliyopita katika misitu ya Biharamulo na Ngara yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Abiria aliyekaa katika basi hilo hahitaji somo la sitiari, anahitaji askari. Ramani inayomwonesha adui kuwa adui haidanganyi kuhusu usiku huo.

Pingamizi hili ni la haki, na linaelekeza mahali pa kutazama. Msafara wa mabasi unalinda kitu kinachosogea, kilichobeba watu wasiofahamiana, na mafanikio yake hupimwa kwa waliofika, si kwa waliouawa. Hata hofu halali ya Biharamulo, ikitazamwa kwa makini, inadai kanuni tofauti na zile za mnara na wimbi. Zaidi ya hapo, historia imeonesha jinsi hofu hiyo inavyoweza kupanuka. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ilikusudia kupambana na ujambazi na wahamiaji haramu kwa pamoja, na miongoni mwa walioondolewa walikuwamo waliokwisha kuishi nchini kwa miongo mingi. Wimbi lilijibiwa kwa kimbunga. Pale ambapo jambazi na jirani wa miaka thelathini wanaingia katika orodha moja, sarufi ya mchezo imekwisha kutoka katika mchezo.

Pia haidaiwi hapa kwamba bao ni mfano kamili. Kete inayoliwa haiulizwi kama inataka kuhama, wala mkimbizi si mateka. Thamani ya bao ni kuonesha kwamba mkakati mgumu, wenye ushindani wa kweli na mshindi mmoja, unaweza kusimama bila kuangamiza hata kete moja. Anayesema kwamba mchezo wa ulinzi hauwezi kutungwa vinginevyo anasema jambo ambalo ubao wa bao unalikanusha kila jioni.

Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba ramani ya kulinda kambi ina msimulizi, mtazamo na sarufi, na kwamba sarufi hiyo inawanyima wanaokuja uso na sababu. Kiswahili kinaweza kuipokea sarufi hiyo bila upinzani kupitia maneno kambi na wimbi, na hapo ndipo hatari ilipo kwa mtunzi anayetafsiri bila kusikiliza anachotafsiri. Lakini lugha hiyohiyo ina boma linalongoja paa na nyumba inayojulikana kwa kufunguliwa kwake. Mtunzi atakayechora Rusumo atalazimika kujibu maswali ambayo programu yake haimuulizi: langoni pafanyike nini kwa silaha, na pafanyike nini kwa aliyeibeba, maji yatoke wapi, nani ahukumu, na baada ya muda gani, na daraja, likishavukwa, lielekee upande upi. Ardhi ya ramani hiyo itachorwa kwa siku moja. Sharti la ushindi ndilo litakalomchelewesha.